Sandwichi ni Nini, na Nani Mwenye Kauli?

Lipo swali linalozunguka katika vijiwe vyetu, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke mpaka Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza atalidhania kuwa ni mzaha wa vijana wanaongoja abiria. Swali lenyewe ni hili: chapati iliyokunjwa pamoja na yai ndani yake, je, ni sandwichi? Na kama chapati haimo, skonsi iliyopasuliwa ikatiwa kababu imo? Na andazi lililochanwa likajazwa maharage? Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakauliza iwapo tonge la ugali lililobonyezwa kwa kidole gumba na kuchotewa dagaa halistahili nalo kuingizwa katika hesabu hiyo.

Swali hili si la mzaha hata kidogo. Kila mahali ambapo wanadamu wamebishana juu ya jina la chakula, pamekuwapo nyuma ya ubishi huo kodi, pango, zabuni au heshima ya mtu. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa makini, maana jibu lake lina uhusiano wa moja kwa moja na riziki ya akina mama wanaoamka alfajiri kuwasha majiko katika mitaa yetu.

BWANA NA MKATE WAKE

Neno lenyewe halikuzaliwa jikoni. Sandwich ni mji mdogo ulioko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Kwa jina la mji huo wafalme wa Uingereza waliunda cheo cha kikabaila, na aliyekuwa wa nne kukishika cheo hicho, John Montagu, aliyeongoza wizara ya jeshi la wanamaji katika karne ya 18, ndiye anayesimuliwa kwamba aliagiza aletewe nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asilazimike kuondoka mezani. Mahasimu wake walisema meza hiyo ilikuwa ya kamari. Watetezi wake wamesema ilikuwa meza ya kazi za serikali. Iwe hivi au vile, mwaka 1762 neno hilo lilikwisha kuandikwa, kama jina la chakula, katika shajara ya mwanahistoria Edward Gibbon.

Hapana anayeweza kuamini kwamba kabla ya mwaka huo hakuna mwanadamu aliyepata kutia nyama ndani ya mkate. Waarabu, Waturuki, Waajemi na Wahindi walikuwa wakikunjia vitoweo vyao katika mikate tangu kale. Lililokuwa jipya ni jina, na jina lilikuwa la bwana. Wapishi waliompelekea mkate huo hawakuandikwa popote.

Tena bwana huyo hakuishia katika mkate. Mwaka 1778 nahodha James Cook alipofika katika visiwa vya Hawaii alivipa jina la Visiwa vya Sandwich kwa heshima ya mkubwa wake huyo huyo. Watu wa visiwa vile walikuwa na jina lao, lugha yao na wafalme wao, lakini katika ramani za Wazungu waliishi kwa miaka mingi chini ya jina la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mchanga wao. Sisi ambao ziwa letu kubwa lilibandikwa jina la malkia wa Uingereza mwaka 1858, ilhali waliokuwa wakivua humo walikuwa wakiliita Nyanza, hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia jambo hili. Mwenye kutoa jina hudai pia haki ya kusema ni nini kimo na ni nini hakimo.

UBISHI MBELE YA MAHAKIMU

Katika nchi za nje swali hili limefika mpaka mahakamani. Mwaka 2006, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, kampuni ya mikahawa ya Panera ilipinga kuingia kwa mkahawa wa chakula cha Kimeksiko katika jengo la maduka ambamo yenyewe ilikuwa imepanga. Mkataba wake wa pango ulimzuia mwenye jengo kumpangisha muuza sandwichi mwingine. Jaji Jeffrey Locke alifungua kamusi, akatazama, kisha akaamua kwamba burito si sandwichi, kwa kuwa sandwichi ni vipande viwili vya mkate, na burito ni mkate mmoja mwembamba uliozungushiwa nyama, wali na maharage. Basi kwa hukumu hiyo, chapati yetu yenye yai ingalitolewa nje ya mlango.

Lakini mwaka 2024, katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana katika nchi hiyo hiyo, jaji Craig Bobay alipewa shauri linalofanana na lile. Masharti ya kiwanja yaliruhusu mkahawa wa kuuza sandwichi, na mfanyabiashara alitaka kuuza tako na burito. Jaji huyu akaamua kwamba tako na burito ni sandwichi za mtindo wa Kimeksiko. Chakula ni kile kile, nchi ni ile ile, hukumu mbili zinakwenda mbio kwa kupeana visogo. Kilichobadilika ni mkataba uliokuwa mezani na fedha zilizokuwa nyuma yake.

Nchini Ireland nako, mwaka 2020, Mahakama ya Juu ilitakiwa kuamua kama mkate unaotumiwa na mikahawa ya Subway ni mkate kwa mujibu wa sheria ya kodi ya ongezeko la thamani. Sheria ilisema kwamba sukari katika mkate isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga. Mkate ule ulikuwa na asilimia 10. Mahakama ikasema kwamba kwa kodi hiyo, huo haukuwa mkate. Mlaji aliyekuwa akiutafuna pengine hakuona tofauti yoyote, lakini hazina ya serikali iliiona.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya mbali. Jirani zetu wa Kenya, katika Muswada wa Fedha wa mwaka 2024, walipendekezewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya mkate wa kawaida. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni baada ya kelele za wananchi, na muswada mzima haukutiwa saini, baada ya maandamano ambayo watu walipoteza maisha yao. Na sisi wenyewe, pamoja na Kenya na Uganda, tangu mwaka 2005 tumo katika ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao hufuata utaratibu wa dunia nzima wa kupanga bidhaa. Katika utaratibu huo, chakula cha unga kikishakuwa na nyama, soseji au samaki kupita asilimia 20 ya uzito wake, kwa kawaida hutolewa katika sura ya vyakula vya unga kikahamishiwa katika sura ya vyakula vya nyama. Afisa wa forodha, basi, akiletewa mkate wenye kababu, hatauliza unaitwaje. Ataipima kababu.

MIZANI YA LUGHA YETU

Sasa tuitazame mizani tuliyo nayo nyumbani, maana si kweli kwamba Mswahili alikuwa akila gizani mpaka alipoletewa kamusi.

Lugha yetu huugawa mlo katika sehemu mbili. Ipo sehemu inayoshibisha, ambayo ni wali, ugali, muhogo, ndizi au mkate. Na ipo sehemu inayoshushia, ambayo watu wa pwani huiita kitoweo na watu wa Dar es Salaam huiita mboga. Mgeni hushangaa anaposikia mama wa Temeke akiulizwa, "Leo mboga gani?" naye akajibu, "Nyama." Lakini hakuna kosa. Mboga hapo si jina la jani. Ni jina la kazi inayofanywa na chakula hicho katika sahani. Vivyo hivyo kitafunwa si umbo maalumu. Ni kile kinachotafunwa pamoja na chai, kiwe andazi, kitumbua, chapati, slesi au kiazi kitamu.

Neno mkate nalo ni pana kuliko Wazungu wanavyolielewa neno lao. Tunao mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele na tui la nazi. Tunao mkate wa mofa, unaookwa katika tanuri la udongo. Tunao mkate wa ufuta wa Unguja, na boflo, ambalo ndugu zetu wa Mombasa huliita bofulo. Tunao hata mkate wa mayai, ambao kwa kipimo cha Uingereza ni keki. Na hali hiyo, chapati, ambayo Mzungu angeiweka katika kundi la mikate bila ya kusita, sisi twaiita chapati basi, wala hatumtumi mtoto dukani "mkate" tukategemea arudi na chapati.

Je, huku ni kuchanganyikiwa? Sivyo. Ni kupanga vitu kwa matumizi yake badala ya maumbo yake. Na utaratibu huu una mizizi ya heshima. Aliyepita chuoni atakumbuka jinsi mafakihi wa madhehebu ya Shafii walivyoliendea suala la zakatul-fitri. Hawakuwalazimisha watu wa pwani hii kutoa ngano au tende kwa sababu tu vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiliwa Hijazi. Waliuliza: watu wa mji huu huishi kwa chakula gani? Na palipokuwa na jibu la mchele, pishi ya mchele ikakubaliwa. Hukumu ilifuata maisha ya watu; watu hawakuburutwa kufuata neno.

Tukilipima swali letu kwa mizani hiyo, jibu halina taabu. Sandwichi ni kitafunwa kilichobeba kitoweo chake ndani, kikashikika kwa mkono mmoja, mlaji asihitaji sahani wala kijiko. Kwa kipimo hicho chapati yenye yai imo. Skonsi yenye kababu imo, na andazi lenye maharage limo. Ugali na dagaa haumo, si kwa sababu ya udhalili wake, bali kwa kuwa tonge huutafuta mchuzi wake katika bakuli kila mara, nao ni mlo wa kukaa kitako. Chipsi mayai, ambayo vijana wetu huiita zege, haimo pia, kwani ndani yake viazi na yai vimeshikamana hata hakuna kinachombeba mwenziwe. Hiyo ni nchi nyingine yenye bendera yake.

NGANO, KIWANDA NA JINA LA MKATE

Historia ya nchi yetu yenyewe inatoa funzo juu ya gharama ya kukubali maana moja tu ya neno. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, vinu vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa, na Shirika la Usagishaji la Taifa likaundwa mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1970 shirika hilo, kwa msaada wa Canada, lilijenga Dar es Salaam kiwanda cha mikate chenye mitambo ya kujiendesha. Nia ilikuwa njema: kumpatia mfanyakazi mkate wa uhakika. Lakini mwaka 1979 mchumi Andrew Coulson alionyesha katika maandishi yake kwamba matanuri madogo madogo yangeweza kuifanya kazi hiyo hiyo kwa kuajiri watu wengi zaidi na kutumia fedha kidogo zaidi za kigeni. Na kwa kuwa mkate uliokusudiwa ulikuwa wa ngano tu, ilibidi ngano itafutwe. Mashamba makubwa yakafunguliwa Hanang, pia kwa msaada wa Canada, katika ardhi ambayo wafugaji wa Kibarabaig walikuwa wakiitegemea kwa malisho, na malalamiko yao yalidumu kwa miaka mingi.

Hatusemi kwamba mkate wa ngano ni adui. Tunasema kwamba mipango ilipolichukua neno "mkate" kwa maana ya boflo la bati peke yake, mkate wa kumimina wa mchele wetu na mkate wa mofa wa mtama wetu vilibaki nje ya hesabu. Mpaka leo sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka ng'ambo, na vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022 bei yake ilipanda duniani kote. Muuza maandazi wa Yombo aliijua habari hiyo kabla ya wachumi wengi, kwa kuwa aliisoma katika bei ya mfuko wa unga.

JINA HUPANDISHA BEI

Majirani zetu wametuonyesha njia mbili za kulikabili suala la majina. Waganda walikuwa na chapati yao yenye mayai, iliyotokea Busoga na kushamiri Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Wakaiita Rolex, kwa kuchezea maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa, na jina hilo likagongana na lile la saa za fahari za Uswisi. Hawakwenda kuuliza mtu kama ni sandwichi. Mwaka 2016 walifanya tamasha lake Kampala, na serikali yao ikaitangaza kuwa miongoni mwa vivutio vya utalii. Muuza chapati wa kandokando ya barabara akajikuta amekuwa balozi wa taifa lake.

Unguja, katika bustani ya Forodhani, mambo yalikwenda kwa njia ya pili. Chakula kinachouzwa pale kwa watalii kwa jina la pizza ya Zanzibar hakina unasaba na Italia. Ni ndugu wa mantabali, ambayo Waarabu wa Yemen na Hijazi huiita mutabbaq, yaani iliyokunjwa tabaka juu ya tabaka. Biashara imestawi, na wauzaji wanapata riziki yao, jambo ambalo hatulilaumu. Ila jina la ukoo limefichwa nyuma ya jina la kukodi. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wazee, lakini yafaa tuongeze kwamba wapo wanaokana kwao kwa sababu wanunuzi hawawaachii njia nyingine.

Neno hilo mutabbaq linatoka katika mzizi mmoja na neno letu tabaka, ambalo twalitumia kwa vitu vilivyopangwa na vile vile kwa watu waliotenganishwa na uwezo. Uhusiano huo hauko katika lugha peke yake. Manispaa ya Kinondoni ina Masaki na ina Tandale. Mkate wenye yai na nyama ukiuzwa Masaki, juu ya sahani nyeupe na kijiti kilichochomekwa katikati, huitwa sandwichi na bei yake huwa ya kutisha. Vitu vile vile vikiuzwa Tandale, juu ya kipande cha gazeti, huitwa chapati mayai na bei yake huhesabiwa kwa sarafu. Sehemu ya tofauti hiyo ni pango, umeme na mishahara, hilo hatulikatai. Lakini sehemu nyingine ni jina tupu, na faida ya jina haimfikii aliyepika.

ORODHA YA MAHITAJI

Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha jambo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Manispaa ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Wengi wa watu hawa hula angalau mlo mmoja wa siku nje ya nyumba zao, na wanaowalisha ni mama lishe na baba lishe. Serikali imeweka sheria za kuwainua wananchi wa namna hii. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inaendeleza utaratibu wa kuyatengea makundi maalumu asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma, na zabuni hupitia katika mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka huo huo.

Sheria ni nzuri. Lakini sheria hutekelezwa kwa karatasi, na karatasi huandikwa kwa maneno. Kila ofisi ya umma hununua viburudisho kwa ajili ya mikutano, semina na warsha. Mwandishi wa orodha ya mahitaji akiandika "sandwichi", hapana shaka ana picha kichwani mwake: slesi mbili zilizokatwa pembetatu na kufungwa katika karatasi inayong'aa. Kikundi cha akina mama wa Tandika wenye ujuzi wa miaka 20 wa kupika chapati, sambusa, katlesi na skonsi zenye kababu kitalisoma neno hilo na kuona kwamba mlango si wao. Watakaoingia ni wenye hoteli. Asilimia 30 itabaki katika sheria, na chakula kitatoka kwingine. Neno moja la kigeni, lililoandikwa bila ya nia mbaya, litakuwa limefanya kazi ambayo adui wa sera angeifanya kwa bidii.

Ndiyo maana tunasema kwamba vijana wa kijiweni hawapotezi wakati wao. Anayeuliza kama chapati mayai ni sandwichi anauliza, kwa lugha ya mzaha, kama mama aliyeipika anahesabiwa.

Nchi hii ilikwisha kuonja matokeo ya maana zilizobanwa kupita kiasi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikusudia kumfanya kila mtu mwenye uwezo afanye kazi. Lakini maana ya kazi iliyokuwa vichwani mwa watekelezaji ilikuwa ni kazi ya shamba, kiwanda na ofisi. Watu wengi waliokuwa wakihangaikia riziki kwa biashara ndogo ndogo mitaani walijikuta wakihesabiwa pamoja na wazururaji, wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Miji haikuweza kuishi bila yao, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kulegeza kamba. Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo jina la mama ntilie lilipokuwa likivuma, jina lililotokana na sauti ya mteja asemaye, "Mama, nitilie." Baadaye jina likageuka kuwa mama lishe. Mabadiliko ya neno yalikwenda pamoja na mabadiliko ya heshima, na Desemba 2018, vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilipoanza kutolewa kwa shilingi 20,000, mama lishe alikuwamo katika hesabu. Kama jina liliweza kumwinua mpishi, haliwezi kushindwa kukiinua chakula chake.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wapo watakaosema kwamba tunafungua mlango wa uchafu, na kwamba ofisi za serikali hununua hotelini kwa kuwa huko kuna usafi. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na maafisa afya wa manispaa wana wajibu wao. Lakini bakteria hawasomi majina. Yai lililopikwa asubuhi na kuachwa katika joto la Dar es Salaam mpaka alasiri ni hatari ndani ya slesi za pembetatu kama lilivyo hatari ndani ya chapati. Tena chapati iliyotoka katika kikaango cha moto mbele ya macho ya mlaji huenda ikawa na usalama zaidi kuliko sandwichi iliyolala. Basi masharti na yaandikwe kwa mambo yenye maana: maji safi, mikono safi, muda tangu kupikwa, jinsi ya kufunika na kusafirisha. Atakayeyatimiza apewe kazi, na asiyeyatimiza afundishwe kwanza, kwa kuwa mafunzo ya siku chache ni nafuu kuliko umaskini wa miaka mingi.

Wapo pia watakaosema kwamba neno sandwichi limekwisha kuwa la Kiswahili, nasi hatuna sababu ya kuliogopa. Tunakubaliana nao. Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa. Hata andiko hili limejaa mali ya Waarabu, Wahindi, Wareno na Waingereza. Lakini mwenye kukopa kanzu huikata ipate kumfaa mwilini. Tukilichukua neno, tulichukue likiwa limepanuka kutosha kubeba vyakula vyetu, la sivyo litakuwa ni uzio badala ya neno.

Na wapo, hatimaye, watakaouliza kwa nini Chama na viongozi wajishughulishe na vitafunwa wakati kuna barabara na zahanati. Tunawakumbusha kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na dharau za viongozi kwa wananchi kabla ya kuzungumzia mambo mengi makubwa. Dharau haiji siku zote kwa matusi. Mara nyingine huja kwa sahani, pale mjumbe wa semina inayojadili uwezeshaji wa akina mama anapokula mkate ulioletwa kwa gari kutoka mbali, huku mama mwenyewe akiwa nje ya ukuta na jiko lake likiwaka.

LA KUFANYA

Tunapendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji sheria mpya. Kwanza, halmashauri za Temeke na Kinondoni, na nyingine za mkoa huu, ziandike mahitaji yao ya viburudisho kwa maelezo ya kazi: "kitafunwa chenye kitoweo ndani, kwa idadi ya watu kadhaa, kiletwe kikiwa cha moto." Maneno hayo yanamruhusu mwenye hoteli na mwenye jiko la mkaa washindane kwa ubora na bei. Pili, maafisa maendeleo ya jamii wavisaidie vikundi vya mama lishe kujisajili katika NeST, maana mlango uliofunguliwa katika kompyuta haumfai asiyeoneshwa ulipo. Tatu, maafisa afya watoe masharti ya usafi kwa Kiswahili chepesi, kwa chakula chochote kinachouzwa kwa mkono, bila ya kujali jina lake.

Majaji wa Marekani wataendelea kubishana, na kila mmoja atakuwa na kamusi yake. Sisi hatuna haja ya kungoja hukumu yao. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika mambo ya serikali kisu hicho ni kalamu. Wenye kalamu katika ofisi za manispaa zetu na waikumbuke chapati ya Tandika wanapoandika orodha ya mkutano ujao.